Jinsi ya kusaka mutesheni ya BRCA1 maabara, kuanzia damu mpaka ripoti

Hii ni kwa nyie mnaoanza kazi kwenye maabara ya jeni. BRCA1 ni jeni iliyoko kromosomu ya 17 (mtafiti Mary-Claire King alionyesha hilo 1990, jeni yenyewe ikapatikana 1994), BRCA2 iko ya 13, na zote zinasaidia seli kuunga DNA iliyokatika, ndo maana mtu akirithi nakala mbovu (yenye mutesheni, yaani kosa kwenye DNA) hatari ya saratani ya matiti inapanda sana, hata kwa mwanaume.

1. Anza na familia kabla hujashika pipeti. Kama inawezekana mpime kwanza yule aliyeugua, sio dada yake mzima, maana ukimpima mzima ukakosa kitu hujui kama hakurithi au familia yao shida iko kwenye jeni nyingine kabisa. Na ridhaa yake iwe kwa maandishi.

2. Damu iwe kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, inazuia PCR (ile njia ya kuzidisha nakala za kipande cha DNA).

3. Toa DNA kwa kiti (kit) ya kolamu, kale kachujio kanakoshika DNA, ukimaliza kuosha zungusha tena kolamu ikiwa tupu ili ethanoli iishe yote. Pima uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280, ukipata kama 1.8 uko sawa, ukishuka sana chini ya hapo kuna protini.

4. PCR. Eksoni (kipande cha jeni chenye maelekezo ya protini) ya 11 ya BRCA1 ni ndefu sana, besi kama 3,400, kwa hiyo igawe vipande vinavyopandana kidogo. Kila mara weka tyubu moja ya maji matupu, ikitoa mstari kwenye jeli tupa yote uanze upya, usibembeleze.

5. Kusoma sikwensi (mpangilio wa herufi za DNA) kwa njia ya Sanger, hapa ndo tulia kabisa. Chukua 185delAG, ile inayoonekana sana kwa Wayahudi wa Ashkenazi, herufi mbili zimetoka. Mgonjwa ana nakala nzima na nakala mbovu, sasa grafu inakuja safi, kilele kimoja kimoja, alafu ghafla kuanzia pale vilele vinapandana viwili viwili mpaka mwisho, na mgeni anadhani sampuli ni chafu. Soma na upande wa pili wa DNA, ukikuta nao unavurugika palepale, hiyo ni mutesheni kweli.

6. Sanger haioni eksoni nzima ikikosekana, hiyo tumia MLPA, kipimo kinachohesabu nakala za kila eksoni.

7. Kupanga daraja la mutesheni, kuanzia 1 (haina madhara) mpaka 5 (inaleta ugonjwa). Daraja la 3 maana yake bado haijulikani, na watu wenye asili ya Afrika wanalipata mara nyingi zaidi kwa sababu data zetu kwenye hifadhi za dunia ni chache, naumia sana nikiona mtu anaambiwa "una BRCA" kwa majibu hayo. Andika wazi kwamba daktari asiamue upasuaji kwa hilo peke yake. Ikiwa ni daraja la 4 au la 5, rudia kwa damu mpya kabla ripoti haijatoka, alafu ndo ndugu zake waitwe wapimwe hiyohiyo moja.