Azola kwa wafuga kuku wa Dodoma: jinsi ya kuiotesha isife

Wakuu salaam. Watu wengi hapa Dom wamejaribu azola, mmea wa majini wa kulishia kuku, wakaishia kuitupa, hata mimi bwawa la kwanza lilikufa lote ndani ya wiki, kwa hiyo naandika niliyojifunza ili hela yako ya mbegu isipotee.

Azola ni jamii ya kangaga, yale majani ya kando ya mito, ila hii ni ndogo, mmea mzima kama ukucha wa kidole gumba, unaelea kwenye maji yaliyotulia yasiyo na chumvi na vijizizi vyake vinaning'inia chini kama nyuzi. Ndani ya majani yake wanaishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndo maana haina haja ya yuria, lakini fosforasi lazima uipe wewe na hapo ndo wengi wanakosea.

Bwawa la mita 2 kwa 1 linatosha kuanzia. Panga matofali pembeni, tandika nailoni nzito, mwaga udongo uliochekechwa kilo 7 au 8, halafu koroga kilo 1 ya samadi ya ng'ombe na kijiko kimoja cha chai cha TSP (mbolea ya dukani yenye fosforasi) kwenye ndoo ya maji umimine, kisha ongeza maji mpaka kina kifike sentimita 10, yaani kama pipa moja la lita 200. Tawanya mbegu, yaani azola mbichi yenyewe, nusu kilo, nyunyizia maji kidogo juu ili zigeuke zikae sawa. Kila baada ya siku 5 rudishia samadi nusu kilo na TSP nusu kijiko.

Sasa maji. Visima vyetu vingi vina chumvi na azola haiwezi chumvi, mimi ndo ilinimalizia ile ya kwanza, nilikuwa naongeza ya kisima kila jioni na kila yakikauka chumvi inabaki inazidi. Tumia ya mvua uliyokinga au ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo, na kila siku 10 toa kama robo uweke mapya.

Na kivuli jamani! Inapenda joto la nyuzi 20 hadi 30 hivi, jua letu la Oktoba na Novemba linaiunguza. Weka neti ya kivuli au paa la mabua ya mtama, na upande unakotoka upepo ziba kwa sababu upepo unaikausha na kuijaza vumbi. Itazame rangi kila asubuhi, kijani kibichi iko salama, ikianza wekundu ujue jua limezidi au fosforasi imepungua.

Ikishafunika bwawa lote vuna kila siku, usipite robo. Tumia chekecheo, suuza maji safi mara mbili tatu mpaka harufu ya samadi iishe. Kuku waanze na kiganja tu, ukiichanganya na pumba. Usiwakatie chakula chao ukidhani azola inatosha, maana protini ni asilimia 20 hadi 30 ya azola ILIYOKAUKA, wakati ile mbichi zaidi ya asilimia 90 ni maji. Bata nao wanaipenda sana.

Usiivune kamwe kwenye mtaro au dimbwi la karibu na gereji, inafyonza madini mazito na yataishia kwenye mayai unayowalisha watoto. Bwawa lizungushie wavu, mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina hicho.

Kitu kingine naomba sana, usiimwage bwawa la Hombolo wala bwawa lolote la kijiji. Kule Afrika Kusini azola ngeni ilifunika mabwawa mpaka mwaka 1997 wakaachia mdudu maalum wa kuila. Inayozidi iweke kwenye mboji, na yale maji unayotoa mwagilia mchicha, yana mbolea tayari.