Kufuatilia asili ya neno: tariff, tarifa na taarifa yetu

Hatua ya 1. Andika maana za leo, kila lugha peke yake. Kwa Kihispania, tarifa ni bei iliyopangwa ya huduma: teksi, umeme, simu. Ushuru wa forodha wao huuita arancel. Kwa Kiingereza, tariff kwa kawaida ni ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini, ingawa Uingereza hata bili ya umeme ina tariff yake.

Hatua ya 2. Tafuta lilipoandikwa mara ya kwanza. Kiingereza kililichukua kwa Waitaliano (tariffa) mwishoni mwa karne ya 16, likiwa na maana ya jedwali la hesabu au orodha ya viwango.

Hatua ya 3. Shuka hadi kwenye mzizi. Asili ya neno hili ni Kiarabu, تعريفة (ta'riifa). Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Kamusi ya Kiarabu ya Hans Wehr, ninayoipendelea kuliko tovuti nyingi, hupanga maneno kwa mizizi, yaani konsonanti za msingi za neno, si kwa herufi ya kwanza. Ukilitafuta تعريفة kwenye ت (ta) hulioni ng'o. Vua ta ya mwanzo, ii ya katikati na a ya mwisho. Zinabaki ع ر ف (ain, ra, fa), kujua. Maarifa, maarufu na arifu yametoka humo humo, na taarifa pia. Basi tarifa ilikuwa orodha ya kumjulisha mfanyabiashara anachodaiwa.

Sasa mtego. Utasoma kwamba neno limetokana na mji wa Tarifa, kusini mwa Hispania, eti meli zilitozwa ushuru pale. Usikubali. Mji una jina la Tarif ibn Malik, aliyeongoza uvamizi wa Waislamu pale mwaka 710, na jina lake ni طريف: linaanza na ط (t nzito), si ت, wala halina ع. Ni mzizi mwingine kabisa. Kwa herufi za Kilatini yanafanana tu kwa sababu Wahispania hawana sauti ya ع. Sisi tumeibakiza alama yake, ile aa ya taarifa. Kwa hiyo maelezo yasiyoonyesha neno kwa herufi za Kiarabu, yaruke.

Hatua ya 4. Unapotafsiri, rudi hatua ya 1. Tarifa plana ni malipo ya kiwango kimoja, utumie kidogo au sana. Ukiandika "ushuru" umemchanganya msomaji, na ukiandika "taarifa" ndiyo kabisa.