Kuchagua na Kupitisha Nyaya za Spika Ndani ya Kuta za Tofali

Maelekezo mengi kuhusu nyaya za spika za ndani ya ukuta yameandikwa kwa kufikiria nyumba za Marekani, ambako ukuta wa ndani kwa kawaida ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bodi za jipsamu, na katikati yake kuna uwazi wa kutosha kuteremshia waya. Nyumba zinazojengwa Ilazo, Kisasa, Iyumbu au Nzuguni hazina uwazi huo. Ukuta ni tofali la saruji au la kuchoma, umepigwa lipu pande zote mbili, na ukishapakwa rangi, kuufungua tena ni kuubomoa. Kwa sababu hiyo, anayetaka sinema ya nyumbani Dodoma anapaswa kufikiria bomba kwanza, waya baadaye, na spika mwisho kabisa, hata kama moyo wake uko kwenye spika.

Wakati mzuri wa kazi hii ni baada ya nyumba kuezekwa na kabla ya lipu ya ndani, katika siku zilezile ambazo fundi umeme anachimba njia za soketi na swichi. Akiwa tayari ana grinda na tindo mkononi, mifereji miwili au mitatu ya ziada haibadilishi sana gharama, lakini mifereji hiyohiyo ikichimbwa baada ya kuhamia, utalipia kuchimba, kuziba, kupaka rangi ukuta mzima ili zilingane, na kufuta vumbi la saruji ndani ya kila kabati.

Kabla ya kuchimba chochote, amua kochi litakaa wapi, kwa kuwa spika hupangwa kumfuata msikilizaji, si kufuata pembe za chumba. Kwa mpangilio wa spika 5 na sabufa (spika ya besi), spika ya katikati hukaa usawa wa runinga, na zile mbili za mbele hukaa kushoto na kulia kwa pembe ya takriban digrii 22 hadi 30 kutoka katikati, ukipima kutoka kichwani kwa anayetazama. Spika mbili za pembeni, ambazo hapa tunaziita pia za nyuma, hukaa kati ya digrii 90 na 120, yaani ubavuni kwake au nyuma kidogo, na juu kidogo ya masikio, ambayo kwa mtu aliyeketi yako karibu mita 1 hadi 1.2 kutoka sakafuni. Kosa la kawaida ni kuweka boksi za ukutani za spika za nyuma kwenye kona mbili za mwisho za sebule kwa sababu ndipo panapopendeza machoni, halafu kochi likaja kuwekwa katikati ya chumba, na sauti ya nyuma ikawa inatoka mbali kuliko inavyotakiwa.

Njia ya bomba ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote. Mfereji wa wima haupunguzi nguvu za ukuta kama mfereji wa mlalo. Kanuni ya Uingereza ya ujenzi wa matofali inaruhusu mfereji wa wima usiozidi theluthi moja ya unene wa ukuta, lakini wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6, ambalo ni kama milimita 150, hiyo ni milimita 50 kwa wima na milimita 25 tu kwa mlalo. Bomba la milimita 20 likilala ndani ya mfereji wa mlalo wa milimita 25 halina nafasi ya makosa, na fundi mwenye haraka atazidisha kina bila kujua. Kwa hiyo epuka kabisa kukata ukuta kwa mlalo: panda wima kutoka kwenye risiva (kifaa chenye amplifaya kinachoendesha spika, si king'amuzi) hadi juu ya dari, tembea juu ya dari, kisha teremka wima hadi kwenye spika. Pia usichimbe mifereji miwili ikitazamana pande mbili za ukuta mmoja, hasa kama tofali lina matundu.

Tumia bomba la plastiki la nyaya za umeme la milimita 20 kwa spika moja au mbili, na la milimita 25 panapopita nyaya tatu. Waya wa spika wenye ganda la nje una kipenyo cha milimita 7 hivi, na bomba lisijazwe zaidi ya takriban asilimia 40 ya nafasi yake, la sivyo waya utakwama kwenye kona na kuchubuka unapovutwa. Kati ya boksi moja na nyingine zisizidi kona mbili za digrii 90, nazo zipindwe kwa springi ya kupindia ili ziwe za mviringo mpana. Kiungo cha kona kali cha mabomba ya maji hakifai hapa. Bomba likae ndani kiasi cha kufunikwa na lipu ya angalau milimita 12, vinginevyo baada ya miezi kadhaa utaona ufa mrefu ulionyooka unaoonyesha kila mtu ulipopita waya.

Hapa ndipo fundi atakaposema, "Bosi, paipu ya soketi ina nafasi, tupitishe humohumo tu." Jibu ni hapana, na lisemwe kwa upole lakini bila kulegea. Waya wa spika hubeba volti chache. Amplifaya inayotoa wati 100 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita) inazalisha takriban volti 28. Waya wa soketi unabeba volti 230. Ganda likichubuka ndani ya bomba la pamoja, umeme wa TANESCO unaweza kuingia kwenye spika, kwenye risiva na kwenye mkono wa mtu anayekaza skrubu. Kila kundi liwe na bomba lake na boksi lake. Pale ambapo mabomba hayo mawili yanakwenda sambamba, yaachane kwa sentimita 30 hivi ili kupunguza mngurumo, na pale yanapolazimika kukutana yakatane kwa pembe mraba. Kazi yote inayogusa umeme wa volti 230, ikiwemo soketi ya risiva na ya sabufa, ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Unene ndio unaotangulia mambo yote, na unapaswa kuhesabiwa kwa urefu wa njia halisi, si kwa umbali unaouona kwa macho. Spika ya nyuma inaweza kuwa mita 5 kutoka kwenye risiva, lakini waya unaopanda hadi darini, unaozunguka chumba na kuteremka tena hufika mita 14 kwa urahisi. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hiyo ni mita 28 za shaba. Mita moja ya shaba yenye mkato (eneo la uso wa waya ukikatwa) wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.0172, zidisha kwa 28, kisha gawanya kwa mkato wa waya wako. Waya wa milimita za mraba 1.5 utatoa omu 0.32, na wa 2.5 utatoa omu 0.19.

Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu zilizoandikwa nyuma ya spika. Kwa spika ya omu 8 kikomo ni 0.4, kwa ya omu 6 ni 0.3, na kwa ya omu 4 ni 0.2. Kwa njia hiyo ya mita 14, waya wa 1.5 unatosha kwa spika ya omu 8 pekee, ilhali wa 2.5 unatosha kwa zote tatu. Kwa kuwa hujui utanunua spika gani miaka 10 ijayo, ningeshauri 2.5 kwa spika zote za nyuma bila kusita, na 1.5 kwa zile za mbele ambazo njia yake ni fupi. Ukikutana na waya ulioandikwa kwa namba za Kimarekani, kumbuka kwamba namba ikiwa ndogo waya ni mnene: namba 16 ni takriban milimita za mraba 1.3, namba 14 ni 2.1, na namba 12 ni 3.3.

Baada ya unene ni madini. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu, na ukinzani wake ni mkubwa kama mara moja na nusu kuliko wa shaba tupu. Ule waya wa 1.5 wenye omu 0.32 unakuwa karibu omu 0.5, na hesabu yote inavurugika. Herufi CCA zikiwa kwenye ganda au kwenye boksi, ndiyo alumini hiyo. Zisipoandikwa, omba kipande, menya ganda, shika uzi mmoja na uukwangue kwa ncha ya kisu: shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, na alumini huonyesha weupe mara moja. Uzito nao husema, kwani shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini, na rola jepesi kuliko unavyotarajia linatia shaka. Kuhusu shaba inayouzwa ghali kwa maelezo kwamba imeondolewa oksijeni, tofauti yake na shaba ya kawaida ya umeme katika kupitisha mkondo ni ndogo mno. Fedha hiyo ina faida zaidi ukiiweka kwenye unene.

Alama za CL2 na CL3 ni za kanuni za umeme za Marekani. Zinaonyesha kwamba ganda la waya limepimwa kwa kuzuia moto kusambaa, la kwanza kwa volti 150 na la pili kwa volti 300. Ndani ya ukuta wa saruji faida yake ni ndogo. Juu ya dari, ambako kuna kenchi za mbao na mbao za kupigilia siling bodi, ni faida ya kweli, na ukipata waya wenye alama hiyo kwa bei inayovumilika, uchukue. Hata huko juu, waya uendelee kukaa ndani ya bomba, kwa sababu ya panya.

Wapo wanaotumia waya wa kawaida wa umeme wa nyuzi laini wa 1.5 au 2.5 kwa spika. Kwa upande wa sauti hauna kasoro yoyote. Hatari yake ni kwa mtu atakayekuja baadaye, akaona ncha mbili za waya wa umeme ndani ya boksi na kuziunganisha na soketi. Ukiutumia, chagua rangi isiyotumika kwenye umeme wa nyumba hiyo na uweke lebo ncha zote mbili.

Mabomba yakishakaa, na kabla ya lipu, piga picha ya kila ukuta ukiwa umeegesha futi kamba kwenye picha, ili siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya pazia ujue bomba liko wapi. Ziba midomo ya boksi kwa karatasi la mfuko wa saruji, la sivyo lipu itaingia. Nyaya zenyewe zivutwe baada ya lipu kukauka, kwa springi ya kuvutia waya, watu wawili, mmoja akisukuma na mwingine akivuta polepole. Kazi ya darini ifanyike asubuhi na mapema. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, chini ya bati la Dodoma hapakaliki ikifika saa tano. Acha nusu mita ya ziada kwenye spika na mita nzima kwenye risiva, na kila bomba libaki na kamba ndani yake.

Sabufa ina mahitaji tofauti. Karibu zote za sinema ya nyumbani zina amplifaya ndani, kwa hiyo hazihitaji waya wa spika bali kebo moja yenye kinga ya kuzuia mngurumo, ya aina ya antena, pamoja na soketi ya umeme karibu. Pitisha kebo hiyo hadi sehemu mbili za chumba kama unaweza, kwa sababu besi hubadilika sana sabufa inapohamishwa.

Kabla ya kufunga chochote, pima kila waya kwa multimita. Ncha za mbali zikiwa zimeachana, kipimo kisionyeshe mawasiliano. Zikigusanishwa, kionyeshe ukinzani ulio karibu na ule uliouhesabu, baada ya kutoa ule wa nyaya za multimita yenyewe. Kisha unganisha spika upande wake na uhakikishe chanya na hasi hazijabadilishana. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye ncha za upande wa risiva, chanya kwenye waya wenye mstari: ngozi ya spika inapaswa kusogea mbele. Ikirudi nyuma, nyaya zimepishana, na spika moja iliyopishana inatosha kufanya besi ya chumba kizima ipungue. Boksi ambazo bado hazina spika zifunikwe kwa kifuniko kitupu, ncha za waya zikiwa zimefungwa kwa selotepu kila moja peke yake.