Unga wa moringa kutoka Lubumbashi hadi soko la nje: vipimo, vyeti na makaratasi kwa mpangilio wake

Wengi wanaotaka kuuza unga wa moringa Ulaya au Marekani huanza kwa kuuliza bei ya cheti cha ISO (viwango vya kimataifa) au ya cheti cha bio (kilimo hai). Kwa Lubumbashi huo ni mwanzo wa kupoteza pesa. Shaba imeyeyushwa mjini hapa tangu mwaka 1911, na vumbi lenye metali za risasi na kadimiamu limetua kwenye udongo muda wote huo, zaidi upande wa kaskazini-magharibi wa bomba la moshi la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini, ambako upepo wa kiangazi hulipeleka. Unaweza kuwa na karakana inayong'aa na mafaili yaliyopangwa vizuri, na bado mzigo ukakataliwa kwa sababu ya shamba. Kwa hiyo tunaanzia shambani.

Hatua ya 1: Pima shamba kabla ya kulipia cheti chochote

Kwa kila hekta chota udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, ukitembea kwa kupindapinda. Changanya ndani ya ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati na koleo lililopakwa rangi vinaweza kuacha metali zao kwenye sampuli. Toa kilo moja, andika tarehe na mahali.

Kisha chuma majani ya siku moja, miti ileile, uyagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza likaushwe bila kuoshwa. La pili lioshwe kwa maji safi mara tatu, ndipo likaushwe. Peleka yote mawili labo, uombe risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki kwa kipimo cha ICP-MS, mashini inayogundua metali hata zikiwa kidogo sana. Jani lililooshwa likishuka sana, tatizo lako ni vumbi, na hilo lina dawa: osha, acha kuvuna miti ya kandokando ya barabara ya malori, funika sehemu ya kukaushia. Matokeo yakibaki karibu sawa, metali inatoka kwenye mizizi. Hapo tafuta shamba jingine mbali na mji. Hakuna maji yatakayoiondoa. Pima pia maji ya kuoshea, hasa ya kisima.

Omba matokeo kwa uzito mkavu. Jani bichi lina maji kama asilimia 75 hadi 80, kwa hiyo likikauka kila kitu huongezeka mara nne au tano. Risasi ya 0.2 mg/kg kwenye jani bichi inaweza kufika karibu 1 kwenye unga.

Mipaka ya Umoja wa Ulaya kwa virutubisho vya nyongeza, chini ya Kanuni 2023/915, ni hii: risasi 3.0 mg/kg, kadimiamu 1.0, zebaki 0.10. Usifurahi mapema. Moringa ikiuzwa kama mboga kavu, si kirutubisho, mipaka ni mingine na ni mikali zaidi. Na mnunuzi wa California anafikiria Proposition 65, sheria ya jimbo lake inayodai onyo kwenye lebo risasi ikipita mikrogramu 0.5 kwa siku. Mtu akila gramu 5 za unga kila siku, hiyo ni 0.1 mg/kg tu. Unga uliopita Ulaya kwa raha unaweza kumshinda mnunuzi huyo, kwa hiyo muulize kipimo chake kwa maandishi kabla hujamtumia hata sampuli.

Hatua ya 2: Amua unauza kitu gani

Unga wa jumla katika mifuko ya kilo 20 au 25 ni malighafi. Kapsuli ndani ya chupa ni bidhaa iliyokamilika, na hapo masharti yanapanda: kwa Marekani, mtengenezaji wa kapsuli anafuata kanuni za serikali ya huko, 21 CFR, sehemu ya 111, wakati wa malighafi anafuata sehemu ya 117. Ushauri wetu: anza na unga, mwachie mnunuzi kapsuli zake.

Lebo isiseme "inaponya kisukari" wala "inashusha presha". Neno la namna hiyo linaigeuza bidhaa kuwa dawa, Ulaya na Marekani pia, na hapa nyumbani inaingia mikononi mwa ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. Kurasa zako za Facebook nazo husomwa. Usifikiri wanaangalia mfuko peke yake.

Kwa Ulaya tazama orodha ya vyakula vipya (Kanuni 2015/2283): mmea ambao haukuliwa huko kwa wingi kabla ya tarehe 15 Mei 1997 unahitaji kibali kwanza. Jani la Moringa oleifera ni jambo moja, mzizi, mbegu au aina nyingine ya moringa ni jambo jingine. Andika jina la kisayansi na sehemu ya mmea kwenye kila karatasi.

Hatua ya 3: Karakana na HACCP

HACCP, mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula, kama ulivyoandikwa na Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), ina hatua 12, na 7 kati yake ndizo kanuni zenyewe. Usinunue faili la HACCP lililoandikwa kwa kiwanda cha samaki likabadilishwa jina. Mkaguzi huligundua kwa kuuliza tu nani anajaza karatasi ya saa nne asubuhi. Kwa unga wa majani, sehemu zinazoharibu kazi ni hizi:

- Kuosha. Maji yasiyobadilishwa yanasambaza bakteria kutoka fungu moja hadi lingine. Salmonella inatakiwa isionekane kabisa katika gramu 25, na kukausha hakuiui.
- Kukausha. Kivulini, kwenye wavu ulioinuliwa, chini ya nyuzi 55 za Selsiasi. Mwezi wa saba vumbi ndilo adui. Masika, kuanzia Novemba, adui ni ukungu. Hapo ndipo watu huwasha makala chini ya wavu. Usifanye hivyo. Moshi unaacha benzo(a)pireni, na mpaka wa Ulaya kwa virutubisho vya mimea ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 50 kwa jumla ya misombo minne ya jamii hiyo. Tumia kikaushio cha jua kilichofunikwa au hewa ya moto isiyogusana na moshi.
- Unyevu. Lenga asilimia 8 au chini. Jani likivunjika mkononi si kipimo. Nunua mashini ya kupima unyevu.
- Kusaga. Mashini ya mtaani ya mahindi haifai. Inabeba mabaki ya mahindi, pengine na sumukuvu, na vyuma vyake vikilika vinaingia kwenye unga. Tumia chuma kisichoshika kutu, weka sumaku baada ya kusaga, na uandike kila siku ulichokuta juu ya sumaku hiyo.

Bakteria wakizidi, watu watakushauri uwaue kwa gesi ya oksidi ya ethileni. Ulaya imeipiga marufuku, na mabaki yake yamerudisha mizigo mingi. Mionzi nayo, kwa sheria ya pamoja ya Ulaya, imeruhusiwa kwa viungo na majani makavu ya kunukia, haimo kwa virutubisho. Mvuke wa moto ndio unaokubalika, ila ni vizuri zaidi usiuhitaji.

Hatua ya 4: Labo

Cheti cha ISO/IEC 17025 cha labo, kinachothibitisha uwezo wake wa kupima, hakitoshi; omba kiambatisho chake. Kinataja kipimo kimoja kimoja. Labo inaweza kuwa imeidhinishwa kwa maji na si kwa majani makavu. Kwa kila fungu la uzalishaji omba metali nne, Salmonella, E. coli, ukungu na unyevu. Mara moja kwa msimu ongeza viuatilifu, benzo(a)pireni na alkaloidi za pirolizidini, ambazo ni sumu za mimea. Hizi za mwisho hazitoki kwenye moringa, zinatoka kwenye magugu yaliyovunwa pamoja nayo, na mpaka wake ni mikrogramu 400 kwa kilo. Kwa viuatilifu ambavyo havina mpaka wake maalumu, Ulaya inashika 0.01 mg/kg. Dawa iliyopuliziwa mahindi ya jirani inatosha kukuvusha mpaka huo.

Hatua ya 5: Vyeti, na kipi kwanza

Mnunuzi mdogo huridhika na HACCP iliyokaguliwa. Mkubwa atadai FSSC 22000, cheti cha usalama wa chakula, kwa kuwa inatambuliwa na GFSI, umoja wa makampuni makubwa ya chakula unaopima vyeti vya aina hiyo. ISO 22000 peke yake haitambuliwi hivyo.

Cheti cha bio hakipimi risasi. Kinathibitisha namna ya kulima. Kwa miti ya kudumu kipindi cha mpito ni miaka 3, na chini ya Kanuni 2018/848 kikundi cha wakulima hakizidi wanachama 2,000. Hati ya ukaguzi ya bio kwenye TRACES, mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya, lazima itolewe kabla mzigo haujatoka nchini. Maajenti wengi wanahesabu siku ya meli Dar es Salaam. Kwa Lubumbashi, nchi inaishia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kwa Marekani hakuna "cheti cha FDA" (mamlaka ya chakula na dawa ya huko). Anayekuuzia karatasi yenye nembo hiyo anakuibia. Kuna usajili wa kiwanda, ni bure, unahitaji namba ya DUNS (ya kutambulisha kampuni) na wakala aliyeko Marekani, na hufanywa upya kati ya Oktoba na Desemba ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kuna pia taarifa ya kabla: itumwe angalau masaa 8 kabla mzigo wa meli haujafika, masaa 4 kwa ndege.

Hatua ya 6: Makaratasi ya hapa, na lori

RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, namba ya kuagiza na kusafirisha, tamko la EB (la kusafirisha bidhaa nje) kupitia benki, OCC (ofisi ya ukaguzi ya Kongo) kwa ukaguzi wa mzigo, huduma ya karantini ya mimea, kisha DGDA (forodha). Uzito, jina na namba ya fungu vifanane kwenye karatasi zote. Kosa la kawaida: fakture inasema 1211 (namba ya forodha ya mimea ya dawa), cheti cha labo kinasema "kirutubisho", ambacho forodha inakijua kama 2106.

Paleti za mbao ziwe na alama ya ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia, yaani zimepashwa nyuzi 56 kwa dakika 30. Kagua kontena kabla ya kupakia: lililobeba madini lina vumbi kwenye kona za sakafu, na kazi yote ya hatua ya 1 inafutika hapo. Piga tochi, pangusa kona kwa kitambaa cheupe. Kikichafuka, likatae. Weka pia mifuko ya kunyonya unyevu, maana foleni ya Kasumbalesa haina ratiba.

Kila fungu libakishie sampuli tatu za gramu 250 zilizofungwa na kutiwa mhuri, na uzitunze hadi muda wa bidhaa uishe. Andika kwenye mkataba, kabla ya mzigo wa kwanza, kwamba matokeo ya mnunuzi yakitofautiana na yako, moja ya sampuli hizo itaenda labo ya tatu mliyokubaliana, na ni nani atakayeilipa.