Maharage Arusha: nyanya baadaye
Nimetoka Tanga, na hapa Arusha maharage yalinimalizia mkaa mpaka jirani akanionea huruma. Loweka usiku kucha, chemsha bila nyanya wala ndimu. Hivyo viingie yakishalainika kabisa, maana uchachu huyafanya yakaze. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa (yaani mgandamizo wake) ni ndogo, maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Kuchochea moto hakuongezi joto la maji, ni mvuke tu unapotea. Presha kuka (Mfaransa Denis Papin alibuni ya kwanza mwaka 1679) hubana mvuke huo, joto likapanda. Maharage ya zamani sana yatakusumbua hata hivyo. Magadi kidogo husaidia, ila mimi ladha yake siipendi.