Unguja kwa Mpenda Muziki: Panga Usiku Kwanza

Wengi wakipanga safari ya Unguja huanza na ufukwe. Watatafuta hoteli Nungwi au Paje, watagawa siku za kuogelea, halafu Mji Mkongwe wataupa nusu siku: picha ya mlango wa nakshi, pizza ya Forodhani, kwaheri. Mimi ni fundi cherehani wa Tanga. Bahari ninayo nyumbani, na taarabu nimeikuta nilipozaliwa, lakini nikipata nafasi ya kuvuka maji navuka kwa ajili ya fidla. Haya naandika kwa yule ambaye akisikia ngoma mtaa wa pili, sahani yake inabaki mezani.

Shika kalenda kabla hujashika simu ya kuulizia chumba. Cha kwanza kutazama ni mwezi mwandamo. Ramadhani vikundi vya taarabu huweka ala chini, na mchana migahawa mingi imefungwa. Mfungo unasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya safari ya mwenzako. 2026 umeingia Februari. Idi ndiyo kinyume chake: watu wamevaa vipya, watoto wamejaa viwanjani, na waliokaa mwezi mzima bila muziki wanautafuta kwa hamu. Masika, Machi hadi Mei, sikushauri. Mvua ikishika, hakuna anayetandaza nyaya za spika uani.

Halafu yapo matamasha. Sauti za Busara lilianza 2004, na kwa kawaida hufanyika Februari ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu wa Oman inayotazama Forodhani. Waandaaji wanataka muziki upigwe moja kwa moja jukwaani, hakuna kuimba juu ya santuri, na hilo peke yake linatosha kunitoa Tanga. Chumba kitafute mapema sana, maana siku hizo hata nyumba za wageni za uchochoroni hujaa. Mtanzania asisahau kitambulisho. Bei ya tiketi yake si ya mtalii wa Ulaya. Katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la ZIFF, nalo huwa na usiku wa muziki.

Lakini nikuambie ukweli wangu: tamasha linakuonyesha Afrika nzima, na Unguja yenyewe inabaki nyuma ya umati. Kama una safari moja tu, nenda kwenye tamasha ufurahi. Kama utaweza kurudi, rudi mwezi usio na jina, Agosti au Septemba, ukae usiku tatu au nne, ukatafute mazoezi ya vikundi.

Mazoezi ndiyo dawa. Culture Musical Club, kilichoanzishwa 1958, kina nyumba yake mtaa wa Vuga. Nadi Ikhwan Safaa, cha tangu 1905, kipo Kokoni, na wenyeji wengine wanakiita Malindi tu. Siku za mazoezi hubadilika, basi pita mchana, bisha hodi, salimia wakubwa kwa shikamoo, uliza wanakutana lini na kama mgeni anaruhusiwa kukaa. Usiingie na simu imeshainuliwa. Ukikaribishwa, kaa pembeni ya wapiga fidla, usikae mbele ya mwimbaji. Pale utasikia jinsi wanavyobishana juu ya kipande kidogo cha mwisho wa kiitikio, wanarudia, mzee mmoja anatikisa kichwa, wanarudia tena. Kwenye jukwaa hutayaona hayo. Ganuni utakayoisikia, ile ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa kwa vidole, ina safari ndefu: Sultan Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim hadi Cairo akajifunze kuipiga. Baadaye akaja Siti binti Saad, binti wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Tangu hapo taarabu haikuwa tena ya majumba ya wakubwa peke yao.

Usiku wa onyesho lenyewe una adabu zake. Tangazo likisema saa mbili, fika saa mbili, lakini uwe umekula. Wataanza na bashrafu, ala tupu bila mwimbaji, na mgeni asiyejua huona huu ndio muda wa kupiga soga. Nyamaza. Ndipo unapopimwa mkono wa kila mpigaji. Nyimbo ni ndefu, beti na kiitikio na ala katikati, kwa hiyo asiyependa kungoja ataona zinajirudia. Mwenye sikio atajua kila mzunguko fidla zimejibu vingine.

Kisha kuna kutunza. Beba noti ndogondogo, za elfu moja na elfu mbili, uzivunje mchana kwa sababu usiku hakuna wa kukupa chenji. Beti ikikugusa, unainuka taratibu, unakwenda mbele kwa mwendo wa muziki, noti umeishika juu ionekane, unampa mwimbaji mkononi, unarudi. Sasa sikiliza vizuri hapa. Ukitunza beti, umeichukua iwe yako, na ukumbi mzima unaangalia umemtazama nani ulipokuwa unarudi. Wifi yangu, mtu wa Korogwe asiye na hila hata ya senti, alipendezwa na sauti akainuka katikati ya beti ya mke mwenza. Aliporudi kitini, dada wa meza ya jirani alimkazia macho mpaka wimbo ulipokwisha. Sikiliza maneno kwanza, miguu ifuate.

Nguo? Wanawake, vaeni dera zuri au gauni refu na mtandio. Wanaume, kanzu au shati la mikono mirefu na suruali. Taarabu watu huiendea wamependeza na wamejifukiza udi, na ukiingia na kaptula ya ufukweni utajiona mwenyewe. Kwenye tamasha hapana masharti makali, ila ukitoka ngomeni na kuingia mitaani, mabega na magoti yafunikwe. Ni mji wa Waislamu.

Taarabu ikikuonyesha utulivu, kidumbaki, muziki wa kucheza wa harusini, kitakuonyesha upande wa pili. Vuka ile barabara iliyopita palipokuwa na mkondo wa bahari, uingie Ng'ambo, ambako harusi ndiyo jukwaa. Ngoma mbili ndogo, fidla moja inayolia kwa pupa, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, na sanduku, yaani besi ya kamba moja iliyofungwa kwenye mti na kusimamishwa juu ya boksi. Kidumbaki hakimwachi mtu amekaa. Hakuna tiketi ya kuingia huko, kuna mwaliko. Njia ya kuupata ni kusema na watu: mwenye nyumba ya wageni, muuza vitenge, dereva wa teksi. Wanaume wana bahati ya Jaws Corner, pale barazani penye kahawa chungu na dhumna, ambapo habari zote za mji hupita kabla hazijafika redioni. Mwanamke mgeni hafukuzwi pale, ila mimi habari zangu nazipata kwa mafundi wenzangu. Fundi cherehani anajua harusi zote za mwezi kwa sababu sare ziko mezani kwake. Ukialikwa, peleka doti ya khanga au bahasha. Shughuli za wanawake mwanamume haingii, na ndani kamera haifunguliwi, maana watu wamevua buibui zao. Hilo usiombe ruhusa, liache.

Chumba chagua kwa masikio. Shangani na Forodhani uko karibu na ngome na utalala pale jukwaa linapolala. Vuga unatembea kidogo hadi kwenye mazoezi, usiku pametulia. Malindi ni karibu na bandari, panafaa kwa mwenye mizigo. Popote utakapokuwa, adhana ya alfajiri itakufikia, kwa hiyo usingizi wa kweli upange baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali na maduka mengi yamefungwa. Asiyelala mchana Unguja hafiki kwenye wimbo wa mwisho.

Jioni kula urojo mapema, kabla sufuria haijaisha, na Forodhani ulizia bei kabla mshikaki haujagusa moto. Nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa mjini humu 1946, iko Shangani. Pita ukipenda, haichukui muda. Kama una mtoto anayejifunza ala, ulizia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, wanafundisha udi (ule wa nyuzi, si wa kufukiza), ganuni na ngoma, na wanafunzi wao hupiga mbele ya watu. Usiku mmoja uache wazi kabisa, usiununulie tiketi, kwa sababu mwaliko wa harusi huja asubuhi kwa ajili ya jioni ileile.

Kuvuka kutoka Dar es Salaam boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, keti chini na nyuma, na usinywe chai ya maziwa kabla. Asiye Mtanzania aulizie pia bima ya lazima ya wageni kabla hajasafiri. Tiketi ya kurudi chukua ya boti ya mchana. Ya alfajiri waachie wenye vikao.