Wi-Fi ipo ila kurasa hazifunguki? Anza na ping

Kabla hujaizima na kuiwasha ruta kwa mara ya tano, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ping 8.8.8.8 na ubonyeze Enter tena. Ping ni amri inayotuma ujumbe mdogo kwenye anwani fulani na kusubiri jibu. Hiyo ni anwani ya seva ya Google, namba tupu, kwa hiyo kompyuta haina jina la kutafuta. Ukiona mistari ya "Reply from 8.8.8.8", intaneti unayo. Kinachokwama huwa ni DNS, yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, weka DNS iwe 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ujaribu tena. (Mimi nilimaliza jioni nzima nikichomoa nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote.) Ikija "Request timed out", ipigie ping ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu, waya na Wi-Fi yako ni salama. Shida iko mbele ya hapo, mpigie mtoa huduma. Ila mitandao mingine, hasa ya ofisini, huzuia ping makusudi, na hapo kimya hakikuambii kitu.